Mchezo Uliohitaji Jirani



Baadhi ya wazazi wameniomba niikemee katika mahubiri michezo ya vifaa vya mkononi. Sitafanya hivyo. Pokémon ilipotolewa Japani mwaka 1996 kwa ajili ya Game Boy, ilikuwa na viumbe wa kubuni 150 wa kukusanywa, lakini iligawanywa makusudi katika matoleo mawili, jekundu na la kijani, na baadhi yao walipatikana katika toleo moja tu. Aliyetaka kuwakamilisha wote alilazimika kumtafuta mwenzake, waunganishe vifaa vyao kwa waya, wabadilishane. Kwa lugha ya Mji Mkongwe, mchezo ule ulikuwa na baraza yake, kama bao.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 2025, aliipenda michezo ya video, ila alijiwekea saa moja kwa wiki. (Kwa watumishi wetu wa altare, ningeridhika na saa moja kwa siku!)

Kinachonitia hofu ni kijana atokaye Misa pale Minara Miwili ameinamia simu, asimwamkie hata bibi yake. Mzazi, kabla ya kumnyang'anya, mwulize anacheza na nani. Akijibu "peke yangu", keti naye akufundishe.