Aliyekosa dripu ya haraka

BARAZANI, na Mwanahamisi Shekue

Kwa miaka miwili, kuanzia mapema 2009, wodi za watoto za hospitali sita za Afrika Mashariki zilikuwa na bahasha. Bahasha nene zisizopenyeza mwanga, zimefungwa, zimepigwa namba kwa mfuatano. Mtoto akifikishwa na homa kali, anahema kwa shida au hajitambui, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, daktari anamwahi, anazungumza na mzazi, kisha anafungua bahasha ya namba inayofuata. Humo ndimo mlimoandikwa kama mtoto huyo aongezewe maji mengi kwa kasi kwenye mshipa, au asiongezewe. Daktari hakuchagua. Mzazi naye hakuchagua.

Muheza ya kwetu huku Tanga ilikuwamo, pale Hospitali Teule. Kilifi ilikuwamo. Uganda walitoa nne: Mulago, ambako vijana wa Makerere husomea udaktari, na Mbale, Soroti na Lacor. Utafiti wenyewe uliitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, pamoja na wenzake akiwamo Sarah Kiguli wa Makerere. Kila nikiisimulia habari hii hakosi mtu wa kuuliza: sasa wale walioangukiwa na bahasha ya kukosa, si walidhulumiwa?

Tuelewane kwanza. Hakuna mtoto aliyeachwa bila matibabu. Makundi yote yalipata dawa za malaria na antibiotiki kwa waliozihitaji, oksijeni, damu kwa waliopungukiwa, na dripu ya kawaida inayodondoka taratibu. Madaktari na wauguzi walinolewa upya jinsi ya kumpokea mtoto mahututi. Tofauti ilikuwa moja tu: kundi la kwanza liliongezewa maji ya chumvi kwa kasi, la pili likaongezewa maji yenye protini iitwayo albumini kwa kasi, la tatu halikuongezewa.

Na kwa nini kuwe na shaka hata kidogo? Vitabu vilikuwa vimeshasema. Madaktari walifundishwa kwamba mtoto ambaye damu haimzunguki vizuri apewe maji haraka. Fundisho hilo lilikulia kwenye hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia, likapandishwa ndege likaja kwetu. Hakuna aliyekuwa amelipima sawasawa kwa mtoto mwenye malaria kali, kwenye wodi isiyo na mashine hizo.

Haya ndiyo yaliyopatikana, na yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya watoto 1,047 walioongezewa maji ya chumvi, 110 walifariki ndani ya saa 48. Wa albumini, 111 kati ya 1,050. Wale "waliodhulumiwa" walikuwa 1,044, na waliofariki ni 76. Yaani katika kila watoto mia moja, dripu ya haraka iliondoka na watatu zaidi. Ilikusudiwa waandikishwe watoto 3,600, lakini kamati huru iliyokuwa ikiyatazama matokeo hatua kwa hatua ilishauri kazi isimamishwe Januari 2011.

Lipo jambo jingine katika utafiti ule ambalo mimi limenigusa kuliko hata hesabu ya vifo. Saa moja baada ya kuanza, watoto waliopewa maji ya haraka ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Mikono inapata joto, mapigo yanatulia. Muuguzi mwenye uzoefu wa miaka thelathini, amesimama pale kitandani kwa macho yake mawili, angeapa kwamba dripu imemwokoa mtoto. Saa kadhaa baadaye moyo unashindwa. Na kwa kuwa watoto wagonjwa vile hufa hata wakitunzwa vizuri, nani angeishuku dripu? Ingesemwa tu kwamba mtoto alicheleweshwa nyumbani, na mama angeubeba huo mzigo.

Ndiyo maana napingana na wanaosema majaribio ya tiba ni kuwafanya watu panya. Jaribio la halali huanza pale daktari anapokiri kwamba hajui, na kwamba wenzake nao hawajui. Angekuwa anajua kundi lipi litapona zaidi, kugawa watu kwa bahasha kungekuwa ukatili. Hajui, ndiyo sababu ya bahasha. Nayo bahati nasibu ina kazi yake: bila hiyo daktari, kwa huruma tu, angewapa dawa mpya wale anaowaona wana hali mbaya, au wale anaoona bado wana matumaini, na mwishoni usingejua kama kilichofanya kazi ni dawa au ni uchaguzi wake. Katika majaribio mengi hufika mahali mgonjwa na daktari wote wawili hawaambiwi nani anameza dawa na nani anameza kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani, ili matumaini ya mtu yasiingie kwenye hesabu.

(Msomaji mwenye mtoto anayeharisha asije akaikimbia dripu kwa ajili ya safu hii. Watoto wa kuharisha hawakuingizwa katika utafiti ule. Kwao maji ni uhai.)

Dawa au chanjo mpya haianzii kwa maelfu. Huanza kwa watu wachache, mara nyingi wazima, kutazama kama ina madhara, kisha mamia, kisha ndipo maelfu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofika hatua hiyo ya tatu, mwaka 2009, iliandikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Korogwe na Bagamoyo vikiwamo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Anayelalamika kwamba chanjo huletwa kwa pupa ahesabu mwenyewe miaka hiyo.

Kazi nyingi za aina hii hufanyika kwenye hospitali za kufundishia, kama Muhimbili, KCMC au Bugando, na sababu iko wazi: kuna mabingwa, maabara, na wanafunzi ambao kazi yao ni kuuliza kwa nini. Lakini hapo hapo ndipo ninapopaonea wasiwasi. Raundi ya asubuhi inapita, bingwa mbele, nyuma yake msururu wa makoti meupe. Mama aliyekaa na mwanawe kitandani anamwamkia shikamoo kijana anayelingana na kitinda mimba wake, kwa sababu amevaa koti. Kisha kijana huyo anamletea fomu ya ridhaa asaini. Hapo hiari iko wapi? Mtu uliyemwamkia shikamoo, na ambaye mkononi mwake kuna dawa ya mwanao, humwambii hapana.

Kwa maoni yangu daktari anayemtibu mgonjwa asiwe yeye anayemwomba aingie kwenye utafiti wake. Aje mwingine, avute kiti, aseme Kiswahili cha sokoni. Nimezisoma fomu hizi. Nyingine zina kurasa nane za Kiswahili ambacho hata wakili angekiwekea alama ya kuuliza. Sentensi inayotakiwa kuwa ya kwanza, kwamba ukikataa utaendelea kutibiwa vilevile na kwamba hata ukikubali leo unaweza kujitoa kesho bila kueleza sababu, unaikuta ukurasa wa sita.

FEAST ilikuwa na ugumu wake katika hili. Huwezi kumsomea kurasa nane mama ambaye mwanawe anakata roho. Kamati za maadili ziliruhusu mzazi aelezwe kwa kifupi, akubali kwa mdomo, kisha aelezwe yote na kusaini mambo yakitulia. Wapo wanaoona hiyo ni ridhaa ya kulazimisha. Mimi naona njia nyingine ilikuwa kutoutafiti kabisa ugonjwa wa dharura, na kuendelea kuongeza maji kwa kasi.

Sisi wa pwani tumekua na habari za mumiani, wanaokamata watu wakawanyonye damu wakaiuze, na hospitali haijawahi kusalimika na tuhuma hiyo. Watafiti wanaolicheka jambo hili hawajui wapo wapi. Mtu akitolewa damu aambiwe ni kiasi gani, kwa vijiko vya chai, maana kijiko kimoja ni mililita tano na kila mtu anacho jikoni. Aambiwe inakwenda maabara gani, na kama itavuka mpaka.

Hofu nayo haikutoka hewani. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaiponya. Hakukuwa na swali la kujibu pale, na wahusika hawakuambiwa ukweli. Leo kwetu hakuna jaribio la dawa linaloruhusiwa kuanza bila idhini ya kamati ya maadili ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kamati ya chuo au hospitali yenyewe huwa imeshalipitia. Muhuri wa idhini hizo si wa mapambo, ingawa mgonjwa ana haki ya kuuliza uko wapi.

Tena tuna deni upande wa pili. Mgonjwa wa kawaida wa kifua kikuu leo humeza dawa kwa miezi sita. Zamani ilikuwa mwaka mmoja na nusu. Miezi hiyo sita ilipimwa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya awali yakachapishwa mwaka 1972. Dunia nzima inafuata kile walichokionyesha watu waliolala kwenye vitanda vyetu. Sijaona ubao hata mmoja wa kuwashukuru. FEAST nayo, iliyochapishwa 2011, ilisubiri hadi 2016 ndipo Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake kuhusu maji ya haraka. Miaka mitano ni mingi kwa jibu lililogharimu watoto.

Kwa hiyo ukiletewa fomu, uliza nini kitatokea kwako ambacho kisingetokea kama usingekuwamo. Uliza nani atalipa ukidhurika. Nauli ya kurudi kliniki ni jambo dogo, ila uliza nayo. Uliza utaambiwa lini matokeo, na nani atakayekuja kukuambia. Kwenye fomu huwa pana namba ya simu ya kamati ya maadili. Ipige kabla hujasaini, ukiwa bado umekaa hapo hapo kitandani. Isipopokelewa, mrudishie kijana fomu yake, umwambie akatafute inayopokelewa.