Jiwe Lililosema Uongo

Wapo watu wapendao kutuambia kwamba ya kale tuyaache yalale. Mimi nauliza kwanza: yakilala, anayefaidika ni nani?

Katika mji mdogo wa Jedwabne, nchini Poland, tarehe 10 Julai 1941, Wayahudi walitolewa majumbani mwao, wakakusanywa uwanjani, wakapigwa na kudhalilishwa. Kisha wakaswagwa hadi kwenye ghala la nafaka, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, na ghala likatiwa moto. Wajerumani ndio waliokuwa wameiteka nchi, nao walichochea. Lakini mikono iliyowaswaga watu wale ilikuwa ya majirani zao Wapolandi.

Miaka ya 1960 likasimamishwa jiwe la kumbukumbu. Likasema waliochoma watu 1,600 ni askari wa Hitler. Si kwamba ukweli haukujulikana. Mwaka 1949 mahakama ilikwisha kuwatia hatiani baadhi ya wenyeji. Hata hivyo jiwe lilisimama na uongo wake hadi 2001, baada ya kitabu cha Jan Gross cha mwaka 2000 kuvunja ukimya.

Watetezi wa ukimya wakakimbilia hesabu. Wachunguzi wa serikali, wanasema, walipata watu wasiopungua 340, si 1,600. Vema, hesabu isahihishwe. Lakini wachunguzi hao hao walisema watendaji walikuwa Wapolandi, wasiopungua 40. Mbona taarifa inasomwa nusu?

Wengine husema, waliogopa. La hasha! Antonina Wyrzykowska, mkulima wa kijiji cha karibu, aliwaficha Wayahudi saba hadi Wajerumani walipofukuzwa. Je, yeye hakuogopa? Alijua kwamba akikamatwa atauawa. Na malipo yake yakawa nini? Mwaka 1945 alipigwa na Wapolandi wenzake, ikambidi ahame. Mwanamke huyo mmoja anatosha kuwafunga midomo wanaosema hapakuwa na njia nyingine.

Tarehe 10 Julai 2001 Rais Aleksander Kwaśniewski aliomba radhi mjini hapo. Wenyeji wengi hawakutokea. Walidhani wanalinda heshima ya mji wao. Walikosea. Mji hauchafuki kwa kukiri. Huchafuka kwa kuchonga uongo juu ya kaburi na kuwapa watoto wausome.