Jinsia Si Mada ya Wiki ya Mwisho

Wadau, leo mnisamehe, nina hasira. Kozi yetu ya menejimenti ni Taylor, Fayol na Weber muhula mzima. Jinsia? Lekcha moja, wiki ya mwisho, na kwenye mtihani haitoki! Mary Parker Follett aliandika kuhusu kusuluhisha migogoro kazini tangu miaka ya 1920, hatajwi. Lillian Gilbreth anaitwa "mke wa Frank" tu, wakati Frank alifariki 1924 na mama akaendelea na kazi miaka na miaka.

Sasa sisi walimu watarajiwa tutamfundisha nini binti wa kidato cha tatu? Kwamba meneja ni baba mwenye tai? Mama lishe anapanga bei, anakopesha, anadai, anaweka akiba. Hiyo siyo menejimenti? Msiniambie muda hautoshi. Mnasemaje?