Virusi kwa Sheria, Chanjo kwa Hisani

Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini ililiarifu Shirika la Afya Duniani (WHO) kwamba wanasayansi wake wamegundua aina mpya ya virusi vya korona, ile iliyokuja kuitwa Omicron. Taarifa za vinasaba vyake ziliwekwa wazi ili maabara na watengenezaji wa chanjo popote walipo wazitumie. Kesho yake tu Uingereza ikatangaza kuzuia safari za ndege kutoka huko; Umoja wa Ulaya na Marekani zikafuata, na majirani ambao wakati huo hawakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa wakaingizwa kwenye orodha ileile. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaipa nchi saa 24 kutoa taarifa baada ya kubaini tukio la hatari. Kanuni hizohizo zinataka vikwazo vya safari viwe na msingi wa kisayansi, lakini anayekiuka hilo hapati adhabu yoyote. Kuhusu nani apate chanjo, lini na kwa bei gani, zilikuwa kimya kabisa.

Wengi wanaochambua utawala wa afya duniani baada ya UVIKO-19 huanza kwa kuhesabu nani alitoa msaada na nani alinyima. Kwa maoni yangu hapo ndipo uchambuzi unapopotea, kwa sababu hata ukarimu mkubwa kiasi gani ni uamuzi wa mtoaji. COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo za korona, ulitegemea sana kiwanda kimoja cha India, Serum Institute. Wimbi la maambukizi lilipoikumba India mwezi Machi 2021, chanjo zilizuiwa kupelekwa nje ya nchi, na nchi za Afrika zilizokwisha kutoa dozi ya kwanza zikabaki zikisubiri ya pili, ilhali mataifa tajiri yalikuwa yameshajiwekea nafasi za mbele kwa mikataba ya moja kwa moja na kampuni. Miaka mitatu baadaye hali ilijirudia karibu zaidi na kwetu. Aina mpya ya virusi vya ugonjwa wa mpox iliyogunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, ilifika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya katikati ya 2024. Chanjo ilikuwepo, na Ulaya na Marekani zilikwisha kuitumia tangu 2022. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoujua ugonjwa huo kwa binadamu tangu 1970, ilipokea shehena yake ya kwanza Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, wiki tatu baada ya WHO kutangaza dharura ya kimataifa.

Kwa hiyo kipimo changu kwa makubaliano ya WHO kuhusu majanga ya magonjwa yaliyopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 ni kimoja: je, kutoa chanjo kumekuwa wajibu kama kutoa taarifa za virusi? Kamati ya Mkutano Mkuu wa Afya Duniani iliyapigia kura 124 za ndiyo bila hata moja ya hapana, nchi 11 zikijizuia. Yanasema kampuni zitakazojiunga na mfumo wake wa kubadilishana virusi na manufaa yatokanayo navyo ziipe WHO fursa ya kupata haraka kiasi kinacholengwa kuwa asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo zinavyozalisha wakati wa janga, angalau nusu yake bure. Lakini masharti ya mfumo wenyewe, yaani anayepokea sampuli na taarifa za vinasaba atasaini nini, yaliachwa kwenye kiambatisho cha kujadiliwa baadaye. Kiini cha makubaliano yote kimo humo.

Wapo wanasayansi wanaohofu kwamba kufunga virusi kwa masharti ya mkataba kutachelewesha utafiti wakati kila siku ina thamani ya maisha ya watu. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa, ila tayari tunao mfano wa kuipima. Mwaka 2007 Indonesia ilikataa kutuma sampuli za mafua ya ndege baada ya kuona virusi vyake vikitumika kutengeneza chanjo ambayo yenyewe isingeimudu. Ubishi huo ulizaa mfumo wa mwaka 2011 ambao chini yake kampuni inayopokea virusi vya mafua vyenye uwezo wa kuleta janga husaini mkataba na WHO, ikaahidi sehemu ya bidhaa zake. Maabara za mafua zimeendelea kubadilishana sampuli. Kilichochelewesha mambo mwaka 2007 kilikuwa kukosekana kwa mkataba.

Pingamizi zito zaidi linatuhusu wenyewe: serikali zetu nazo huficha. Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona kuanzia Mei 2020 kwa zaidi ya mwaka mzima, na hapakuwa na kanuni ya Geneva iliyowarudishia wananchi haki yao ya kujua. Ukimya ule ulikuwa kosa, na uonevu wa wengine haukuuhalalisha. Hata hivyo serikali inayojua kwamba kusema ukweli kutailetea chanjo ina sababu ndogo ya kunyamaza kuliko ile inayotarajia kufungiwa mipaka tu. Wengine watauliza karatasi ina kazi gani ikiwa Marekani imejitoa WHO. Ndiyo maana nasisitiza mikataba na kampuni, kwa kuwa kampuni iliyosaini inaweza kudaiwa. Hata mkataba wa namna hiyo hautafua dafu mbele ya serikali inayozuia shehena bandarini, kama India ilivyoonyesha, hivyo masharti lazima yadai pia leseni na ujuzi vije viwandani Afrika.

Makubaliano haya yanahitaji nchi 60 ziyaridhie ndipo yaanze kazi. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, na sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inataka wananchi washirikishwe. Wabunge wasiupitishe waraka huu kwa sababu tu una neno afya. Wamtake waziri afungue kiambatisho, awaonyeshe kifungu kinachoibana kampuni iliyopokea virusi vyetu, kisha aeleze ikikaidi tutaishtaki wapi.