Heshima ya Fundi wa Shaba

Sanamu ya Askari, isimamayo katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927, huwakumbusha watu askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya 1914–1918. Iliumbwa na James Alexander Stevenson, ikasubiwa Uingereza. Waliokufa walikuwa watu wetu, lakini kazi na ujira vilikwenda ng'ambo.

Wako wadhanio kuwa Afrika haikuujua ufundi huu. Si kweli. Huko Igbo-Ukwu, Nigeria, mafundi walikuwa wakisubu shaba kadiri ya miaka 1,000 iliyopita. Njia yao ingali ikitumika: umbo la nta hufunikwa udongo, nta huyeyushwa ikatoka, kisha shaba iliyochanganywa na bati humiminwa mahali pake. Kalibu ikibaki na unyevu, shaba huripuka, na kazi ya miezi hupotea mara moja. Asimamaye mbele ya moto huo ni mfanyakazi, na ni nadra jina lake kuandikwa chini ya sanamu.

Basi, Ndugu, serikali na halmashauri ziagizapo sanamu za mashujaa wetu, zitafute kwanza tanuri za Afrika, wala zisiwacheleweshee mafundi haki yao. Mcheza kwao hutunzwa.