Watoto wanataka kwenda Dar na pikipiki: wakodi ao wanunue?



Kikundi kimoja kimetuletea swali ambalo wamama wamebishana juu yake mikutano miwili bila kupatana. Vijana watatu wa kikundi hicho, wavulana wawili na msichana mmoja, wamemaliza masomo. Wakati wa vakansi wanataka kufunga safari kubwa: kutoka hapa Lubumbashi na pikipiki, kupita Zambia, kufika Dar es Salaam kuona bahari, kisha kurudi. Wanaomba sanduku la likelemba liwakopeshe feza ya kununua pikipiki tatu. Wamama wengine wanasema: "Wakodi tu, ni bei ndogo." Wengine wanasema: "Tununue, mali itabaki kwetu." Na mama mmoja anasema hakuna kwenda, barabara ile inakula watu.

Sisi hatutaamua mahali pa wazazi. Lakini tumeketi na daftari na kalamu, na tunaona kila mmoja ana sehemu ya haki. Tuangalie pamoja, hatua kwa hatua.

Ukubwa wa safari

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilometa 90. Ukivuka, unapita Chingola, Kitwe na Ndola, miji ya shaba ya Zambia, unafika Kapiri Mposhi. Pale unashika barabara ndefu inayopita Serenje na Mpika mpaka Nakonde. Ng'ambo ya mpaka ni Tunduma, na hapo umeingia Tanzania. Kisha Mbeya, Iringa, Morogoro, na mwisho bahari. Ni zaidi ya kilometa 2,000 kwenda tu. Kwenda na kurudi, tuweke 4,200.

Pikipiki ndogo, zile za 125 ao 150 ambazo manseba wanatupeleka nazo sokoni, ikiwa na mzigo, si vema kuipitisha kilometa 250 kwa siku. Kwa hiyo ni siku tisa za kwenda na siku tisa za kurudi. Ongezeni siku za mipaka, maana ni kuvuka mara nne. Ongezeni siku za kupumzika, siku za kukaa Dar, na siku moja ao mbili za garaji. Mnafika siku 30. Shikeni namba hiyo, tutaitumia.

Esansi: pikipiki kama hizo zikiwa na mzigo, hesabuni lita 3 kwa kilometa 100. Kwa kilometa 4,200 ni lita 126 kwa kila moja, na lita 378 kwa zote tatu. Hii ni feza ambayo mtu hatairudisha, akiwa amekodi ao amenunua.

Hesabu ya kukodi na kununua

Tuseme, kwa mfano tu, pikipiki mpya ni dola 1,000. Tuseme kukodi ni dola 10 kwa siku. Tuseme tena ile mpya, kisha safari, itauzwa hapa nyumbani dola 700.

Mwenye kununua anapoteza dola 300, ndiyo tofauti ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Mwenye kukodi siku 30 analipa dola 300. Ni sawasawa! Kanuni ni hii: chukueni bei ya kununua, toeni bei ya kuuza, kinachobaki kigawanyeni kwa bei ya kukodi ya siku moja. Jibu ni hesabu ya siku. Kama safari ni fupi kuliko siku hizo, kukodi ni nafuu. Kama ni ndefu kuliko hizo, kununua ni nafuu. Wekeni bei za kweli za soko la juma hili, siyo za mfano wetu.

Lakini angalieni jambo moja. Mwenye kununua, hata kama mwishoni anapoteza dola 300 tu, lazima kwanza atoe 1,000. Kwa vijana watatu, sanduku linatoa 3,000 kwa siku moja. Ni zamu ya mama gani itangoja? Kama mtoto wa mama mwingine ataugua katika mwezi ule, feza iko barabarani kati ya Mpika na Mbeya.

Karatasi za mpaka

Hapa ndipo hesabu nzuri ya daftari inaweza kuharibika.

Pikipiki ya kukodi ina mwenyewe. Mwenyewe anategemea feza ambayo dereva anamletea kila jioni. Kumwomba aiachilie iende nchi mbili kwa mwezi mzima si jambo dogo. Akikubali, bado karti rozi ni ya jina lake. Duane itauliza: huyu kijana na pikipiki hii ni nini? Anahitaji barua ya mwenye pikipiki inayomruhusu kuivusha, yenye jina la kijana, namba ya plaki na namba ya shasi, na yenye sahihi iliyothibitishwa na notere. Bila barua hiyo, safari inaweza kuishia Kasumbalesa.

Wamama wengine wamefikiri: tutanunua, lakini karti rozi tutaiandika kwa jina la mama, ili kijana asiiuze. Ni akili nzuri. Lakini jueni kwamba hapo kijana amekuwa kama mwenye kukodi: barua ileile inahitajika, na mama ndiye ataisaini. Msisahau hilo mpaka siku ya safari.

Kisha kuna mpango wa tatu, ambao vijana waliusema kwa sauti ya chini: kununua hapa, kuuza Dar, kurudi na bisi. Unaonekana mtamu, maana unakata nusu ya barabara. Lakini Zambia na Tanzania zinapokea pikipiki ya mgeni kwa ruhusa ya muda. Duane inaandika jina la dereva na tarehe ambayo pikipiki lazima iwe imetoka. Kuiuza pale bila kulipa ushuru wa duane ni magendo, na jina lililoandikwa ni la mtoto wetu. Akilipa ushuru, faida inakwisha. Kwa hiyo ile bei ya kuuza katika hesabu yetu ni bei ya hapa nyumbani tu.

Njia ambayo wengi hawaifikirii

Vijana wanaweza kupanda bisi mpaka Tunduma na Mbeya, na kukodi pikipiki kule kule. Pikipiki hiyo ina plaki ya Tanzania, na kama haitoki katika nchi, hakuna karatasi ya duane ya kuihangaikia. Lakini ya kukodi lazima irudishwe pale ilipotoka. Safari inakuwa mzunguko: Mbeya, Tukuyu kwenye mashamba ya chai, Kyela karibu na Ziwa Nyasa, kisha kurudi Mbeya. Ni siku chache. Dar wanaweza kuifikia na bisi. Wawekeni siku 8 za kukodi katika kanuni yetu, mtaona kwamba kukodi kunashinda mbali.

Wakikodi, wasome mkataba mpaka mstari wa mwisho: nani analipa ikianguka, nani analipa ikiibiwa, arabuni ni kiasi gani na inarudi siku gani. Wapige picha za pikipiki pande zote mbele ya mwenyewe kabla ya kuichukua, ili mikwaruzo ya zamani isilipwe na wao. Na wasiache pasiporo kuwa rehani. Waache feza, siyo pasiporo.

Karatasi za kila mmoja

Kwa njia yoyote, kila kijana awe na pasiporo ambayo haiko karibu kuisha, na karatasi ya chanjo ya homa ya manjano. Permi iwe ya pikipiki. Permi ya gari haitoshi. Habari za viza ya Zambia waulize konsula ya Zambia hapa mjini, kabla ya kutoa feza yoyote. Kama wanatoka na pikipiki ya hapa, wachukue asiransi ya COMESA, ile kadi ya manjano inayoitwa Yellow Card. Inatumika Congo, Zambia na Tanzania. Inalipa madhara ambayo dereva amewafanyia watu wengine. Pikipiki yenyewe ikiibiwa, kadi hiyo hailipi. Nakala ya kila karatasi ibaki kwa mama.

Barabara yenyewe

Sasa tumrudie mama aliyesema barabara inakula watu. Hakosei. Ndiyo barabara ya malori ya shaba na ya mizigo ya bandari, na lori halimwoni kijana mdogo kwenye pikipiki.

Kwetu tunapita kuume. Zambia na Tanzania wanapita kushoto. Hatari kubwa haiko mpakani, kwa sababu pale kila mtu anakumbuka. Iko asubuhi ya pili, kijana anapotoka kwenye stasio ya esansi barabara ikiwa tupu: mikono inamrudisha upande wa nyumbani. Wakubaliane kwamba kila wanapoanza, wa mbele anasema kwa sauti "kushoto", na wawili wanaitika.

Unapotelemka kutoka Iringa kwenda Morogoro kuna mlima Kitonga, wenye kona kali na malori yanayotelemka polepole. Chini yake barabara inakata mbuga ya Mikumi, ambako twiga na tembo wanavuka wanapotaka. Mwezi wa saba mvua hakuna, na hilo ni zuri, lakini Mbeya na Iringa ni baridi sana: jaketi nzito na glovu si urembo. Kaske kwa kila kichwa, hata kwa safari ya kununua mkate. Na usiku, hakuna kutembea. Jua likishuka wawe wamekwisha kupata nyumba ya wageni, na mama awe amekwisha kupata simu.

Pikipiki mpya haifai kutoka dukani na kwenda mpakani. Inahitaji rodaji: kilometa 1,000 za kwanza polepole hapa nyumbani, kisha kubadilisha mafuta ya motere na kukaza kila kitu. Kwa hiyo kama ni kununua, inunuliwe mwezi mmoja mbele. Mwezi huo utawaonyesha pia wazazi nani anaendesha kwa akili na nani anatafuta sifa.

Juu ya msichana, wamama wengine walitaka abaki, kaka zake waende. Sisi tunauliza swali moja kwa wote watatu: ana permi, ana mazoezi, anajua kubadilisha chambereri na kukaza mnyororo? Asiyejua abaki, awe nani.

Maoni yetu

Sanduku la likelemba lisinunue pikipiki za matembezi. Feza ile ni ya ugonjwa, masomo na biashara ya wamama wote. Lakini kama kuna pikipiki ambayo, ikirudi, ina kazi inayoingoja, kama kupeleka mboga sokoni kila asubuhi, basi kununua si matembezi tena, ni biashara. Ipewe mkopo kama biashara nyingine: kijana aweke sehemu yake kwanza, awe na mdhamini, na tarehe za kurudisha ziandikwe. Na bei ya kuuza isihesabiwe tena, kwa maana haitauzwa.

Kama hakuna kazi inayoingoja, basi ni bisi mpaka Mbeya na pikipiki ya kukodi kwa siku chache, kwa feza ya vijana wenyewe na ya wazazi wao. Kilometa zitapungua, bahari itabaki pale pale.

Katika mkutano wenu ujao, waiteni vijana wote watatu. Wapeni ubao na chaki. Wao wenyewe waandike bei za kweli, siku, lita na karatasi, mbele ya mama zao. Kijana ambaye hawezi kuieleza safari yake kwenye ubao, hajawa tayari kwa Kitonga. Anayeweza, msikilizeni kwa heshima, maana amekuwa mtu mzima. Na yote mtakayopatana, yaandikwe na kusainiwa siku ileile. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mbaki na amani, wamama. Tuonane juma lijalo.