Upasuaji wa kupunguza uzani: Kazi halisi huanza mgonjwa arejeapo Kalama

UPASUAJI wa kupunguza uzani humalizika kwa saa chache tu, lakini matokeo yake mgonjwa huishi nayo maisha yake yote. Pengo hilo kati ya saa za daktari na miaka ya mgonjwa halijashughulikiwa vilivyo na mfumo wa afya nchini. Hujitokeza wazi zaidi pale mgonjwa anapoondoka hospitalini Nairobi na kurejea mashambani, katika maeneo kama Kalama, Kaunti ya Machakos.

Si jambo la matajiri wachache tena. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5, ilhali kwa wanaume kilikuwa asilimia 17.5.

Takwimu za afya ya jamii za mwaka 2014 zilionyesha kuwa thuluthi moja ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na tatizo hilo. Kufikia 2022, lilikuwa limewafika takriban asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Makundi hayo ya umri hayafanani kikamilifu, lakini mwelekeo ni mmoja, nao ni wa kupanda.

Kalama ni eneo la milima na mabonde makavu kusini mwa mji wa Machakos. Wazazi wa wakazi wa leo walijenga matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo kwa jembe na sururu, wakisaidiana katika vikundi vya mwethya. Walipanda na kushuka milima wakitafuta maji. Mwili uliofanya kazi hiyo kutwa haukuwa na nafasi ya kuhifadhi mafuta. Leo bodaboda hufika karibu na kila boma, na mafuta ya kupikia, sukari, soda na chapati za unga mweupe hupatikana katika kila soko. Chakula kimebadilika, kazi imebadilika, na mwili umefuata.

Wapo wanaofaulu kupunguza uzani kwa lishe na mazoezi. Wapo pia ambao mwili wao hukataa katakata, na kila kilo wanayopoteza hurudi na nyingine. Kwa hao, sayansi imethibitisha kuwa upasuaji husaidia.

Upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo kwa njia ya mkato ulianzishwa na Dkt Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960. Daktari hutenga mfuko mdogo wa tumbo wenye ukubwa wa yai hivi, kisha akauunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Katika aina ya pili, ambayo sasa hufanywa zaidi duniani, hukatwa takriban asilimia 80 ya tumbo na kuachwa mrija mwembamba unaofanana na ndizi.

Watafiti wa Uswidi walioanza kuwafuatilia wagonjwa mwaka 1987 walichapisha matokeo yao mwaka 2007. Waligundua kuwa waliofanyiwa upasuaji walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wanene ambao hawakufanyiwa. Mwaka 2022 vyama viwili vikuu vya madaktari wa taaluma hiyo vilipendekeza upasuaji kwa yeyote ambaye kipimo chake cha BMI, yaani uwiano wa uzani na urefu, kimefika 35, hata kama hana ugonjwa mwingine. Mwongozo wa awali, wa mwaka 1991, ulitaka kipimo cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi mengine mazito.

Ni muhimu kutochanganya upasuaji huu na ule wa kufyonza mafuta chini ya ngozi, ambao ni wa urembo. Kifo cha mwanamke aliyefanyiwa ufyonzaji huo katika kliniki moja jijini Nairobi mwezi Oktoba 2024 kilizua mjadala mkali, na wengi waliona mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja. Kufyonza mafuta hakutibu kisukari wala shinikizo la damu. Upasuaji wa tumbo waweza kuyatuliza maradhi hayo, lakini humtaka mgonjwa abadilishe namna anavyokula hadi mwisho wa uhai wake.

Hapo ndipo kazi huanza. Katika wiki za kwanza mgonjwa hunywa vitu vya majimaji tu. Baadaye huruhusiwa vyakula vilivyopondwa, kisha vilivyo laini, na baada ya mwezi mmoja au miwili huanza kurejea vyakula vya kawaida, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba chenyewe sasa ni vijiko vichache. Anayeongeza kijiko kimoja baada ya kushiba hupata maumivu ya kifua na kutapika.

Maagizo mengi ambayo mgonjwa hupewa akitoka hospitalini yameandikwa kwa kufuata jiko la Ulaya au Marekani. Hutaja jibini laini, samaki wa kopo na unga maalumu wa protini. Mkazi wa Kola au Muumandu anapoyasoma hushindwa kujua aanzie wapi, ilhali chakula kinachomfaa kimo shambani mwake.

Mgonjwa huhitaji takriban gramu 60 hadi 80 za protini kila siku ili misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Yai moja hutoa gramu sita hivi, kikombe cha maziwa gramu nane, na kikombe cha ndengu zilizopikwa gramu 14. Kwa kuwa tumbo jipya haliwezi kupokea kikombe kizima kwa mpigo, sharti hesabu hiyo igawanywe katika milo midogo mitano au sita. Ndengu zilizopondwa, kunde zilizochemshwa hadi zikalainika, maziwa lala yasiyo na sukari na nyama ya kuku iliyochambuliwa vyote vinafaa, kila kimoja kwa wakati wake.

Vipo vyakula vipendwavyo ambavyo lazima vibadilishiwe nafasi. Sima hujaza tumbo haraka na kuinyima protini nafasi. Muthokoi, chakula cha fahari cha Ukambani, una punje ngumu zinazohitaji kutafunwa hadi ziwe uji. Si chakula cha miezi ya mwanzo. Nyama choma hukwama kwa urahisi kwenye njia nyembamba. Maembe ambayo Machakos inasifika kwayo yana sukari nyingi, hivyo huliwa vipande vichache.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo, sukari ni adui wa papo hapo. Chai tamu au soda huteremka kwa kasi hadi kwenye utumbo, naye mgonjwa akashikwa na kizunguzungu, jasho, mapigo ya moyo ya haraka na kuhara. Hali hiyo huwatisha jamaa wasioijua, wakadhani amelishwa kitu kibaya.

Hata maji yana kanuni zake. Mgonjwa hatakiwi kunywa pamoja na chakula, bali husubiri nusu saa hivi baada ya kula. Anahitaji takriban lita moja na nusu kwa siku, nayo huinywa kwa mafunda madogo. Katika eneo lenye ukame, upatikanaji wa maji safi karibu na nyumba huwa sehemu ya tiba. Mabwawa ya mchanga ambayo kikundi cha Utooni kilianza kujenga pande za Kola mwaka 1978 yalipunguza safari za maji. Hata hivyo, bado wako wanawake wanaobeba mitungi ya lita 20 mgongoni, mzigo ambao daktari humkataza mgonjwa kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Lazima boma lipange mapema nani atauchukua.

Mtihani mgumu zaidi pengine haumo katika sahani bali miongoni mwa watu. Katika jamii ya Wakamba, kama zilivyo nyingi nchini, kukataa chakula cha mwenyeji huhesabiwa dharau. Kwenye ntheo, ambapo mbuzi huchinjwa, au katika matanga, mgeni hupakuliwa sahani ikajaa na macho humtazama. Mgonjwa anayekula vijiko vitatu kisha akasukuma sahani hulazimika kujieleza kwa kila shangazi na kila mjomba.

Aidha, mwili unaokonda kwa kasi huzua minong'ono. Kizazi kilichoshuhudia Ukimwi ukiangamiza familia katika miaka ya 1990 hakijasahau maana ya kukonda. Mtu aliyepoteza kilo 40 kwa mwaka mmoja, ngozi ikalegea na nywele zikapukutika kwa muda kama itokeavyo kwa wengi, hupewa ugonjwa asio nao. Wengine humwona mvivu aliyetafuta njia ya mkato. Si ajabu baadhi ya wagonjwa wakaficha siri hiyo, na anayeficha hukosa msaada.

Siri hiyo ina hatari ya kitabibu. Mgonjwa wa kisukari aliyefanyiwa upasuaji huweza kuona sukari yake ikishuka katika siku chache. Asipopunguziwa dawa na anayejua hali yake, huenda akazirai usiku. Vivyo hivyo, anayeumwa na mgongo hununua tembe za diclofenac au ibuprofen dukani bila kuulizwa lolote, ilhali kwa aliyeunganishwa utumbo dawa hizo huweza kusababisha vidonda vinavyovuja damu.

Pombe nayo huingia katika damu haraka kuliko awali. Kikombe cha kaluvu kilichokuwa mzaha zamani chaweza kumlewesha mtu kabisa. Mwanamke anayepungua uzani huweza pia kushika mimba upesi kuliko alivyotarajia. Madaktari hushauri mimba isubiri miezi 12 hadi 18, nazo tembe za kupanga uzazi huenda zisifyonzwe vizuri, hivyo njia nyingine hupendekezwa.

Zaidi ya yote ni vitamini na madini. Baada ya upasuaji, mwili hupokea kwa upungufu vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D. Mgonjwa hulazimika kumeza vidonge, au kudungwa sindano, maisha yake yote. Akiba ya B12 mwilini huweza kudumu kwa miaka, kwa hivyo anayeacha dawa hudhani yu salama hadi ganzi inapoanza miguuni. Vitamini B1, kinyume chake, huisha kwa wiki chache. Anayetapika mfululizo asipotibiwa mapema anaweza kupata madhara ya ubongo yasiyoponyeka.

Gharama ya vidonge hivyo haimo katika bei ya upasuaji inayotangazwa. Familia inayouza shamba au ng'ombe ili kulipa mamia ya maelfu ya shilingi hospitalini sharti iulize pia: nani atalipia vidonge mwaka wa tano? Nani atalipia vipimo vya damu mwaka wa kumi? Upasuaji usio na jibu la maswali hayo ni deni lililoahirishwa.

Habari njema ni kwamba nyenzo za kuziba pengo hilo zipo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa vifaa vya kupimia uzani, shinikizo la damu na sukari. Mwaka huo huo zilipitishwa sheria za huduma ya afya ya msingi na afya ya kidijitali. Mhudumu anayetembelea maboma ya Kyangala hahitaji kuwa daktari mpasuaji ili kumuuliza mgonjwa kama ametapika, kama amemeza vidonge vyake na kama anahisi ganzi.

Anachohitaji ni karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili na Kikamba, yenye ndengu na kunde badala ya jibini, pamoja na nambari ya kupiga. Hospitali zinazofanya upasuaji huu zinapaswa kulazimishwa kumwandikia mgonjwa barua ya kina kwa kituo cha afya kilicho karibu na kwao, kabla hajaruhusiwa kuondoka. Nayo Hospitali ya Machakos Level 5 inafaa kuwa na kliniki, hata ikiwa ya siku moja kwa mwezi, ya kuwapima damu wagonjwa hao ili wasilazimike kusafiri hadi Nairobi kila mara.

Barua hiyo isisahau dalili za hatari. Maumivu makali ya tumbo, homa, mapigo ya moyo ya kasi au kushindwa kupumua katika siku za mwanzo huenda ikawa ishara kuwa mshono unavuja. Maumivu makali ya ghafla, hata baada ya miaka, yaweza kumaanisha utumbo umejinyonga. Kwa hali kama hizo, mgonjwa hapaswi kusubiri matatu ya asubuhi.

Upo upande mwingine wa hoja. Wakosoaji watauliza kwa nini kaunti yenye watoto wanaokosa lishe itumie fedha kwa walionenepa. Wengine watasema dawa mpya za sindano za kupunguza hamu ya kula zitaufanya upasuaji usiwe na haja. Lakini kuhudumia ganzi, upungufu wa damu na vidonda vinavyovuja ni ghali kuliko kuvizuia, nazo sindano hizo ni ghali na uzani hurudi kwa wengi wanaoziacha.

Upasuaji wenyewe hauna uhakika wa milele. Katika utafiti wa Uswidi, waliounganishwa utumbo walipoteza wastani wa asilimia 32 ya uzani wao katika mwaka wa kwanza au wa pili, lakini baada ya miaka 10 punguzo lilikuwa limeshuka hadi asilimia 25. Sehemu ya uzani ilirudi. Tumbo dogo ni chombo tu. Hulindwa na mazoea ya kila siku, nayo mazoea hayo hujengwa nyumbani.

Watu wa Kalama waliiokoa ardhi yao kwa kujenga tuta moja baada ya jingine na kulikarabati kila mvua ilipolibomoa. Hawakumwachia mtu mmoja mlima mzima. Anayerejea kutoka hospitalini na tumbo la ukubwa wa yai anahitaji mwethya wa aina hiyo: jamaa asiyemlazimisha kula, mhudumu anayebisha hodi kwake, na kaunti inayojua kuwa mgonjwa huyo yupo.